Viazi mviringo vimejaa ndani na bei imeanguka? Usiviache vioze, njoo tuvipange (uzi mrefu)

MLETA UZI

Wakuu habari za majukumu, na wale mlioko shamba poleni na matope. Naandika huu uzi kwa sababu huku Nyanda za Juu Kusini msimu ukikolea kila mtu anachimba viazi kwa wakati mmoja, Makete, Wanging'ombe, Njombe, Isongole, Uporoto yote, dalali anajua fika huna pa kuviweka kwahiyo anakuja na bei ya kukukatisha tamaa, halafu juu ya bei hiyo hiyo anataka gunia lishonwe lumbesa, yaani lijazwe kupita kipimo. Unaona bora vibaki ndani. Sasa vikibaki ndani ndo shida inaanza, maana kulima tunajua ila kutunza wengi hatukufundishwa, baada ya wiki chache nyumba inanuka na mama anabeba ndoo kwa ndoo kwenda kumwaga. INAUMA aisee. Mbolea ya mkopo, dawa ya ukungu kila wiki, kibarua wa kupandishia, halafu unamwaga.

Na sio wakulima tu, kuna mtu wa mjini katumiwa gunia mbili na ndugu zake, mwingine kanunua gunia zima kwa sababu bei ya sado (kindoo cha kupimia) inamnyonya. Nitakayosema hapa hayahitaji jengo la mamilioni.

Ukisahau mengine yote shika hili: USIVITUNZE VYOTE PAMOJA. Kiazi kilichochimbwa kiko hai, kinapumua kama mtu aliyelala, kinatoa joto na kinatoa maji. Kizima ukikilaza na kilichokatwa jembe, yule mgonjwa anamwambukiza mwenzie na gunia lote linakwenda. Kwahiyo mwaga vyote kwenye turubai kivulini, pitia kimoja kimoja kwa mkono, usiwe na haraka. Vilivyokatwa, vilivyochubuka na vyenye tundu la funza weka pembeni, hivyo ndo chakula cha wiki hii na vya kukausha (nitaeleza chini). Vyenye kijani pembeni yao peke yao, hivyo vina sumu, si vya kula hovyo. Vidogo vidogo pembeni, ni vya kuchemsha na maganda yake au vya mifugo. Halafu angalia yale macho ya kiazi, ukikuta udongo umeganda kwenye jicho kwa unyevu kata hicho kiazi katikati, kama kuna duara la kahawia ndani na ukikiminya ute mweupe unatoka basi huo ni mnyauko bakteria, hicho kitoe kabisa, usikitupe shambani wala kwenye shimo la mbolea, chimbia mbali.

Vinavyobaki ndo vya kutunza, ila navyo vipime ngozi. Chukua kiazi, sugua kwa kidole gumba kwa nguvu. Ngozi ikibanduka hicho bado, hakikai hata ukiweke wapi. Dawa yake iko shamba: kata yale mabua wiki mbili hivi kabla ya kuchimba, viache viazi vitulie ardhini, ngozi inakaza yenyewe. Watu wengi wanaruka hii hatua kwa sababu gari la dalali limeshafika, matokeo yake viazi vinafika sokoni vimevuliwa nguo njiani.

Ukishachagua USIOSHE. Narudia, usioshe. Udongo mkavu hauna shida, utadondoka wenyewe, maji ndo adui. Viweke mahali pa giza penye hewa kwa siku 10 mpaka 14 vipone, joto la kama nyuzi 15 hivi linafaa, hapo ile michubuko midogo inajiziba. Baada ya hapo sasa ndo unatafuta ubaridi, kwa viazi vya kula nyuzi 7 mpaka 10 ni safi sana na sisi wa milimani usiku tunaupata bure.

Ghala lenyewe ni banda la tofali za udongo au miti iliyokandikwa, juu nyasi (bati linachoma mchana, kama ni bati weka dari ya mianzi na nyasi), ndani tengeneza kichanja cha mianzi kilichoinuka toka chini ili hewa ipite chini ya rundo. Acha matundu chini ya ukuta na matundu juu karibu na paa, weka wavu panya wasiingie. Usiku fungua, asubuhi jua likichomoza ziba, hiyo peke yake ni nusu ya kazi. Rundo lisizidi mita moja kwenda juu. Kila wiki pitia, na hapa pua inakushinda macho, ukiingia ukasikia harufu nzito ya tope lililooza usijiambie nitaangalia kesho, tafuta hicho kiazi siku hiyo hiyo.

Makosa ambayo nayaona sana vijijini. Kwanza mifuko ya kinga njaa. Ile ni ya mahindi na maharage, inafanya kazi kwa kunyima hewa, ukiweka viazi vitatoa jasho na vitaoza vyote, usijaribu kabisa. Pili kunyunyizia dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi, ndugu zangu hicho ni chakula cha watoto, kiazi hakina ganda la kukulinda na hiyo sumu. Tatu kuweka viazi na vitunguu kona moja, vyote vinawahi kuharibika. Nne mfuko wa nailoni.

Karibuni kwa maswali, na wenye uzoefu ongezeni.

MDAU (Mbagala)

Asante mkuu kwa elimu, Mungu akubariki. Mimi nipo Dar chumba na sebule, kaka katuma gunia moja toka Njombe kwa basi na joto la huku unalijua, hiyo nyuzi 10 naitoa wapi? Nimesikia kuna friji la mkaa vipi linaweza kusaidia?

MLETA UZI

Dada yangu nakujibu vizuri. Friji la mkaa ni zuri sana ila sehemu kavu, Dodoma, Singida, Iringa kipindi cha kiangazi. Lile linapoza kwa maji kukauka kwenye mkaa, sasa Dar hewa yenyewe imeshalowa maji hayakauki haraka, utapata unafuu kidogo tu na unyevu utazidi ndani. Usitumie hela yako huko.

Wewe fanya hivi. Leo hii fungua hilo gunia, usilale nalo limefungwa maana limekaa kwenye buti la basi usiku kucha vinajoto vile. Mwaga, chagua kama nilivyosema, halafu vitandaze chini ya kitanda kwenye sakafu au kwenye kreti za soda zile za plastiki zenye matundu, safu mbili tatu tu, funika na gunia la katani au kanga nzito mwanga usipite, dirisha la upande huo liache wazi usiku. Usiweke karibu na jiko wala nyuma ya friji. Kwa joto la Dar hesabia wiki mbili mpaka tatu, zaidi ya hapo vinaanza kuchipua na kunywea. Kwahiyo gunia lote usijidanganye kwamba utalila wewe, mpango wako uwe hivi: nusu uza au gawana na majirani kwa debe wiki hii hii, wao wanapata bei nzuri kuliko sokoni na wewe unarudisha nauli ya basi, robo ya kula, robo ya kugandisha kwenye friza kama unayo wewe au jirani.

Kugandisha kuna utaratibu lakini. Kiazi kibichi ukikitupa kwenye friza kikitoka kinakuwa cheusi na maji maji, mtu anasema friza imeharibu. Menya, kata chipsi, loweka kwenye maji baridi ili wanga wa juu utoke, badilisha maji mpaka yabaki masafi, kisha tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika 2 au 3 tu na kijiko cha siki ndani, epua, chuja, vikaushe kwa kitambaa mpaka kitambaa kisilowe. Hapo ukaange nusu kwenye mafuta ya moto wa wastani visibadilike rangi, vipoe KABISA, vitandaze kwenye sinia kwenye friza vikishaganda ndo uweke kwenye mfuko, bila hivyo vinashikana donge moja. Siku ya kula unatoa unatumbukiza kwenye mafuta ya moto moja kwa moja, usisubiri viyeyuke. Watoto wakirudi shule chipsi ziko mezani haraka sana na gesi unatumia kidogo.

MDAU (Mafinga, anakaanga chipsi)

Mkuu hapo umenigusa, mimi kijiweni kwangu ikifika mwezi wa 6 na wa 7 viazi nikikaanga vinakuwa vyeusi nje ndani havijaiva na vinakuwa na utamu fulani, wateja wanasema nimechoma mafuta wakati mafuta ni mapya. Viazi nanunua kwa mtu mmoja wala sijabadilisha. Tatizo ni mbegu?

MLETA UZI

Kaka tatizo sio mbegu wala mafuta yako, ni baridi. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali, ikishuka chini ya nyuzi 5 au 6 hivi, wanga wake unageuka sukari, na sukari ikikutana na mafuta ya moto inaungua. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku wa Mafinga na Makete unaujua, sehemu nyingine hadi barafu asubuhi kwenye majani. Huyo anayekuuzia anavilaza kwenye banda la wazi. Nunua mapema, viweke ndani penye joto la kawaida la chumba kwa wiki mbili mpaka tatu kwenye giza, sehemu kubwa ya ile sukari inapungua halafu jaribu kukaanga vichache kwanza. Vikiendelea kuwa vyeusi hivyo peleka kwenye mchemsho au uza kwa mama lishe wa supu, kwenye maji havina shida yoyote. Na usipunguze moto wa mafuta ili visiungue, vitanyonya mafuta hasara ikawa mara mbili.

MDAU (Kinangop, Kenya)

Salamu kutoka Nyandarua. Huku waru (viazi) ndio maisha yetu na shida ni hiyo hiyo, shamba zote zinavunwa pamoja na broker anakungoja kwa barabara. Sheria ya 2019 ilisema gunia lisipite kilo 50 lakini ukienda mashinani bado utaona gunia zimevimba. Nataka kuongeza jambo moja la mbegu, sisi tunapanda Shangi kwa sababu inaiva haraka na inapikika upesi, lakini Shangi haikai, inachipua haraka mno hata ukiiweka kwa giza. Kwa hivyo kama una Shangi usipange kuiweka miezi, kula au uza. Dutch Robijn inakaa kuliko hiyo na watu wa krisps wanaipenda. Kwa nyumba mama watoto anaponda waru zilizobaki za jioni, anachanganya na unga wa ngano anakanda chapati, unga unapungua karibu nusu na chapati inakaa laini hadi kesho yake. Mukimo nao, ule wa kuponda waru na mahindi na mboga za majani, sihitaji kueleza zaidi.

MLETA UZI

Asante sana jirani, hilo la mbegu ni kweli tupu na nilitakiwa nilitangulize, mtu asipange muda wa kutunza bila kujua amevuna nini.

Na hiyo chapati ya viazi jamani ijaribuni, siri yake kiazi kichemshwe na ganda lake ili kisinywe maji, ukimenye kikiwa moto, ponda mpaka donge liishe ndo uweke unga na chumvi, maji usiweke mpaka uone kwanza unga umekubali, mara nyingi huhitaji kabisa. Vile vilivyokatwa na jembe vyote vinaishia hapa. Wa Pwani mnajua wenyewe, viazi karai, katlesi, kachori, na vya nazi kwa asubuhi, jumapili moja tu unamaliza ndoo nzima na ukitengeneza vya kuuza pale nje ya geti hela ya sabuni inarudi.

MDAU (Tukuyu)

Hujaeleza kukausha mkuu, umesema utaeleza chini.

MLETA UZI

Naeleza sasa, na hii ndo sehemu naipenda kuliko zote kwa sababu kiazi karibu asilimia 80 ni maji, ukiyatoa hayo maji hakuna cha kuoza tena na gunia linageuka mfuko mdogo unaouweka juu ya kabati. Kilo 5 mbichi zinakupa kama kilo moja kavu hivi.

Menya, toa madoa yote, kata vipande vyembamba vya duara kama milimita 3, unene uwe sawa kwa vyote maana vikitofautiana kimoja kinakauka kingine kinaota ukungu katikati. Unavyokata dondoshea moja kwa moja kwenye maji yenye chumvi kidogo visiwe vyeusi. Maji yachemke jikoni, tumbukiza kwa mafungu dakika 3 mpaka 5, utajua viko tayari pale kipande ukikishika kinapinda bila kuvunjika na ukikiangalia kwenye mwanga kimeanza kuwa angavu pembeni. Kikimeguka umepitiliza. Epua, weka maji baridi, chuja, tandaza kwenye wavu safi ulioinuliwa juu ya miti, usianike chini kwenye turubai hewa haipiti, na funika na chandarua kingine juu sababu ya nzi na vumbi. Jua zuri siku 2 au 3, jioni ingiza ndani umande usivipate. Vimekauka pale kikivunjika kwa mlio. Vikipinda rudisha juani.

Vifungie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana au hizo hizo kinga njaa, hapa sasa ndo mahali pake maana vimeshakauka. Vinakaa miezi mingi tu. Kupika unaloweka maji ya uvuguvugu saa moja unatupia kwenye maharage au nyama, mwingine anapeleka mashineni anasaga unga anachanganya kwenye uji na maandazi. Watu wa milima ya Andes kule Peru na Bolivia, viazi vilikotokea, wao wanavianika usiku vigande kwa baridi halafu mchana wanavikanyaga kwa miguu maji yatoke, wanarudia mpaka vinakauka kabisa na vinakaa miaka. Kwahiyo kukausha viazi sio jambo geni duniani, ni sisi tu hatujalizoea.

Na maji ya kwanza ya kulowekea usimwage, yaache yatulie kwenye beseni, chini utakuta wanga mweupe umelala, mimina maji taratibu, anika huo wanga, unafaa kuzidishia uzito wa mchuzi na kunyooshea kola za mashati ya shule.

MDAU (Iringa)

Krisps vipi kwa biashara?

MLETA UZI

Zinalipa ukiwa na soko la uhakika. Kata nyembamba sana kwa kile kikwanguo, osha wanga wote, kausha kwa kitambaa, mafuta yawe moto kweli. Ila kuzifunga na kuziingiza dukani unahitaji alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango), nenda SIDO (shirika la viwanda vidogo) mkoa wako wanatoa mafunzo ya usindikaji.

MDAU (Mbeya vijijini)

Sikubaliani na habari ya kijani, sisi tumekula viazi vya kijani toka utoto, unakata ile sehemu unapika maisha yanaendelea.

MLETA UZI

Mzee wangu shikamoo. Nakuelewa, na kama ni doa dogo juu juu ukimenya kwa kina likaisha lote sina ugomvi. Ila kiazi kilichokuwa kijani eneo kubwa, au ukikionja ni kichungu na kinawasha ulimi, hicho tupa, ile ni sumu na haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mtu mzima anaweza kuumwa tumbo akasingizia maji, mtoto mdogo anatapika mpaka anaishiwa nguvu. Sasa kwa nini tumpe mtoto wakati vizima vimejaa ghalani? Kilichochipua ni hivyo hivyo, chipukizi likiwa fupi na kiazi bado kigumu ling'oe pamoja na jicho lake upike, ila kikishanywea na kulegea hapana.

MDAU (Makambako)

Vya kijani si tunampa ng'ombe? Na nguruwe?

MLETA UZI

Vya kijani na vilivyochipua usimpe hata mnyama, sumu haichagui. Vidogo vizima ng'ombe anakula vibichi ila VIKATEKATE, kiazi cha duara kinamkaba kooni na anaweza kufa mbele yako. Anza kidogo kidogo pamoja na majani makavu, ukimpa beseni zima siku ya kwanza tumbo linavuruga. Nguruwe na kuku wape vilivyochemshwa, vibichi hawavimeng'enyi vizuri, na yale maji uliyochemshia mwaga.

MDAU (Wanging'ombe)

Mi nataka kubakiza vya mbegu, navyo gizani?

MLETA UZI

Hapana, mbegu ni kinyume kabisa. Vya kula giza, vya mbegu mwanga hafifu. Tandaza safu moja au mbili kwenye vichanja chini ya paa la nyasi, jua lisipige moja kwa moja ila mwanga na hewa vipite pande zote. Hapo vitakuwa vya kijani na chipukizi zitakuwa fupi, nene, ngumu, hazikatiki ukipanda. Ukiviweka gizani zinatoka ndefu nyeupe dhaifu. Chagua mbegu toka kwenye mashina uliyoyawekea alama shamba yakiwa bado mazima, usichukue tu vidogo vilivyobaki baada ya kuuza, maana shina lenye ugonjwa nalo linazaa vidogo. Na kama shamba lako lilinyauka, hata mmea mmoja mmoja, usibakize mbegu humo, tafuta mbegu safi, TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo, Mbeya) waulize.

MDAU (Wanging'ombe)

Nashukuru. Na wale vipepeo wadogo wa kijivu wanaoruka ghalani jioni?

MLETA UZI

Hao ndo nondo wa viazi, wanataga kwenye macho na funza anatoboa ndani, utaona unga mweusi umetoka kwenye tundu, huo ni mavi yake. Ziba matundu ya ghala kwa wavu mwembamba kabisa, shamba pandishia udongo viazi visichungulie nje kwa sababu wanaanzia huko huko, na ukichimba usiviache shambani vimelala usiku. Kwenye rundo weka tabaka la majani ya mkaratusi au lantana yaliyonyaushwa, viazi, majani, viazi, majani, juu malizia na majani mengi. Yakikauka na harufu kuisha badilisha. Chenye tundu kitoe leo, kipikwe leo kama bado ni kizima ndani, usikirudishe kwenye rundo.